Makomeo Mawili ya Saa Kumi na Mbili na Nusu

Mke wangu aliondoka mwezi wa nne na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo zake. La pili lilijaa njahi kavu, yale maharagwe meusi ya kwetu, unga wa uji na majani chai, kwa sababu binti yetu alikuwa karibu kujifungua huko Amerika, na kwa mke wangu mama aliyejifungua asipokula njahi ni kama hajajifungua vizuri. Alisema atakaa miezi sita. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikarudi nyumbani Membley, nikapiga honi langoni. Nikangoja. Nikapiga tena. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba aliyekuwa akinifungulia nimemwacha uwanja wa ndege na masanduku yake.

Mimi ni fundi mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa Thika, kwenye kiwanda cha nguo, nikitengeneza mashine za kufuma. Ukiniletea mashine inayolalamika, nitakuambia ni wapi palipolegea kabla sijaivua kifuniko. Watu ndio walionishinda tangu zamani. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinielezea watu: huyu amekasirika, yule anaona haya, jirani hajaja kukopa sukari, amekuja kuzungumza. Bila yeye nilibaki na nyumba ya vyumba vinne na mbwa wawili, wote majike.

Mmoja nilimtoa kwa dada yangu anayeishi kijiji cha Ngoliba, akiwa mdogo wa kutosha kuingia mfukoni mwa koti. Alikua akawa mrefu, wa rangi ya kahawia, miguu myembamba ya mbwa wa mahali pakavu. Huyo alikuwa wangu. Mwingine ni mweupe, mfupi, kifua kipana, ambaye mke wangu alimkuta ndani ya katoni soko la Ruiru akaja naye nyumbani amemfunika na leso. Huyo alikuwa wa kwake, na hakutaka kusikia mtu akisema vingine. Wote wawili walikuwa wamefungwa kizazi. Kwa miaka mitano waliishi pamoja, na kama waliwahi kununiana mimi sikujua.

Wengi wetu mtaani tunafuga mbwa kwa namna moja. Mchana wanafungiwa vibandani ili wageni waingie bila kuraruliwa suruali, na jioni wanafunguliwa walinde. Kwetu saa ya kufungua ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Kibanda cha yule wa Ngoliba kiko karibu na lango, nilikijenga mwenyewe kwa vyuma vikuukuu. Kile cha mweupe kiko nyuma ya jikoni, kwa sababu mke wangu alitaka amsikie akilia.

Wiki ya pili baada ya mke wangu kuondoka, walipigana.

Sitasema mengi kuhusu vita vyenyewe. Nilikuwa nimezoea kuona madume wakipigana, kelele nyingi, halafu kila mmoja anaenda zake kukojolea ukuta. Hawa hawakupiga kelele. Yule wa Ngoliba alimshika mweupe shingoni, mweupe akamshika mguu, wakanyamaza hivyo hivyo huku wakivutana. Nilipiga kelele mimi. Nikawapiga kwa fagio, fagio likavunjika. Nikawamwagia ndoo ya maji, wakawa wanapigana wakiwa wameloa. Mwisho nikaingiza mkono, na meno ya mmoja wao, hata leo sijui ni yupi, yakanitoboa kiganja.

Niliketi kwenye ngazi ya jikoni nimejifunga mkono kwa taulo, nikatazama huku na huku nimtafute mtu wa kumwambia. Hakukuwa na mtu. Nakumbuka hilo kuliko maumivu.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki kutoka Ruiru mjini. Ni kijana, lakini ana heshima. Aliwashona wote wawili, akaukagua na mkono wangu akanituma hospitali nikadungwe sindano.

"Mzee, hiyo mkono usiweke tena hapo katikati," alisema. "Wakishikana, chukua mbao, ama mfuniko ya pipa, weka katikati yao. Na mama wawili wakianza hii maneno huwa hawasahau haraka. Wewe andika. Kila wakipigana, andika ni nini ilikuwa inafanyika dakika moja kabla."

Nilinunua daftari. Jumapili ile mke wangu alipopiga simu nilimweleza yote: kiganja, fagio, nyuzi kumi na mbili. Alishtuka, alipiga kelele, aliniuliza maswali. Tuliongea karibu saa nzima. Kabla ya hapo simu zetu zilikuwa za dakika tano: umekula, nimekula, mtoto hajambo, hajambo, haya basi.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu sisi. Baba yangu hakuwahi kumwambia mama yangu kwamba anamtaka nyumbani. Siku moja mama alienda kwao kumuuguza nyanya yetu, akakawia. Baba alituma mtu na ujumbe kwamba ng'ombe amekataa kukamuliwa na mkono mwingine. Mama akarudi kesho yake. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa vizuri kabisa, mimi ndiye niliyekuwa nikishika ndama. Niliyaona hayo nikiwa na miaka tisa, nikayaweka, nikadhani ndivyo mwanamume anavyosema.

Mimi sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na mbwa.

Kwa hiyo kila Jumapili nilimpa habari za vita. Na vilikuwepo, sikuwa na haja ya kubuni. Miezi mitano ya kwanza walishikana mara tisa. Nilikuwa na kipande cha mbao nyembamba kilichoegemea ukuta wa jikoni na kingine langoni. Nilijaribu kumfungua mmoja jioni hii na mwingine jioni ile, lakini aliyebaki ndani alilia usiku kucha, na wa nje alikesha mbele ya kibanda cha mwenzake. Nilijaribu kumpa kila mmoja ugali na matumbo upande wake wa nyumba. Nilidhani ni chakula. Nilipofungua daftari nikakuta mara saba kati ya tisa sufuria ilikuwa bado iko kwenye jiko.

Miezi sita ilipofika, mke wangu alisema ameongezewa mingine sita. Mtoto alikuwa anasumbuliwa na kifua, binti yetu amerudi kazini, kumlipa mlezi huko hakuwezekani. Nilisema sawa. Nilikuwa nimeshapaka rangi lango na kununua godoro jipya, lakini hayo sikuyasema. Nilimwambia yule mweupe anachechemea.

Ufumbuzi uliletwa na jirani. Ni mama mwenye watoto wadogo, tumegawana ukuta. Alinikuta nje nikirudisha pipa la taka, akanitazama mkono uliokuwa na plasta mpya.

"Baba, pole. Lakini si mlikuwa mnawafungua pamoja?"

"Pamoja vipi?"

"Wee, mimi nilikuwa nawasikia kila siku! Mama anasema 'haya!', halafu zile vyuma zinalia mara moja, kwaa. Hapo ndio nilikuwa najua ni saa ya kuweka maji ya ugali. Siku hizi nasikia moja, nakaa kidogo, nasikia ingine, halafu nasikia vita."

Nilisimama pale na pipa langu la taka. Ni kweli. Mke wangu alikuwa akisimama kwenye kibanda cha nyuma, mimi langoni, hatuonani kwa sababu ya kona ya nyumba. Alikuwa akiita "haya!", na mimi nikivuta komeo langu yeye anavuta lake. Mbwa walikuwa wakitoka mbio, mmoja huku, mmoja kule, wanakutana uwanjani karibu na tangi la maji, wananusana, kisha wanaenda pamoja langoni kuona kama kuna wa kubwekewa. Miaka mitano. Sikuwahi kujiuliza kwa nini tunafanya hivyo. Ukiniuliza ningekuambia ni kwa sababu tuko wawili na vibanda ni viwili.

Sasa nilikuwa mmoja. Nilikuwa nafungua langoni, natembea polepole kwa magoti yangu mpaka nyuma, na yule wa Ngoliba ananitangulia. Nikifika namkuta amesimama mbele ya mlango wa mwenzake, kichwa chini. Mweupe anafunguliwa atoke kwenye mlango mwembamba moja kwa moja mpaka kwenye meno ya mwingine. Hata mimi ningepigana.

Hilo sasa lilikuwa jambo ninaloliweza. Kesho yake nilienda Thika, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi ambaye alikuwa akiuzia kiwanda chetu beringi na mikanda. Nilitaka waya laini wa chuma, kapi sita za kuzungushia waya na springi mbili. Alizitafuta mwenyewe kwenye rafu, ananijua ninavyochagua.

"Mama mzima?" aliniuliza.

"Yuko Amerika, kwa mtoto."

"Wangu yuko Uingereza kwa mtoto. Miaka mitatu sasa." Alikuwa anapima waya kwa mkono. "Alikuja kwa harusi moja, akarudi."

Nilimwambia wangu anarudi mwezi ujao. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alitikisa kichwa kwa upole, akanikatia waya mrefu kuliko nilioulipia.

Kazi ilinichukua siku nne. Nilipitisha waya juu ya ukuta, ukazunguka kona ya nyumba kwa kapi, ukaja kuungana na mwingine kwenye mlango wa jikoni, pale nilipofunga mkono wa breki wa mashine ya zamani. Ukivuta mkono mmoja, makomeo yote mawili yanaachia na springi zinasukuma milango. Siku ya kwanza komeo la nyuma lilichelewa kidogo. Nikakaza nati. Siku ya pili yalilia pamoja, kwaa, kama alivyosema jirani. Mbwa wakatoka. Walikutana kwenye tangi. Niliushika ubao wangu tayari. Yule wa Ngoliba aliinua mkia juu, mweupe akageuza uso pembeni, wakazungukana mara moja. Kisha wakaenda langoni.

Nilisema "haya" kwa sauti, nimechelewa, peke yangu, mlangoni pa jikoni. Nilijisikia mjinga. Nilitaka sana kumpigia simu nimwambie njoo uone.

Sikumpigia. Jioni ya pili walikuwa wema, na ya tatu, na ya kumi. Nami kila jioni nilifurahi kama fundi, halafu nikaingia ndani nikahuzunika, kwa sababu nilijua nimeiharibu habari yangu ya Jumapili. Ilikuwa mwezi wa kumi na mmoja tangu aondoke. Binti yetu alikuwa ameanza kuzungumza juu ya karatasi, kwamba mama yake aandikishwe akae moja kwa moja, apate na matibabu ya magoti. Mke wangu alikuwa amesema anafikiria. Nami nilikuwa nimesema, "Ni sawa, fikiria," kwa sauti ileile ninayotumia kumwambia mwenye duka kwamba chenji imetosha.

Jumapili ya kwanza baada ya amani aliniuliza, "Mbwa je?"

Nikasema, "Wamepigana tena."

Ilitoka yenyewe. Aligutuka kama siku zote, akauliza, nikajibu. Jumapili iliyofuata nikaongeza. Jumapili ya tatu nilimwambia mweupe amechanwa sikio. Huku nikisema hivyo, mweupe alikuwa amelala miguuni pangu na masikio yake yote mawili, na yule wa Ngoliba amelala mlangoni, mgongo umegusa wa mwenzake. Mke wangu aliniuliza mara mbili ni sikio lipi. Nikafikiri, sasa amesikia. Nikafikiri, ng'ombe amekataa kukamuliwa. Nililala vizuri siku hiyo.

Jumamosi dada yangu alinipigia kutoka Ngoliba.

"Mkeo amenipigia. Ati nije nichukue ule mweupe wake nikae naye huku. Nakuja kesho na pikapu ya jirani."

"Amesema kwa nini?"

"Amesema wewe utauawa na hao mbwa. Analia, wee. Sasa nije ama nisije?"

Nilimwambia asije. Kisha nikaketi sebuleni bila kuwasha taa. Mbwa yule ambaye mke wangu alikataa kumwacha hata kwa siku mbili tulipoenda mazishi Nyeri, yule aliyemfunika na leso yake mwenyewe, alikuwa anamgawa. Niliogopa. Nimewahi kuona mtu akikatwa kidole na mashine, na sikuogopa hivyo.

Jumapili sikungoja simu. Saa kumi na mbili na nusu nilimpigia ya video. Huko kwao ilikuwa asubuhi bado, alikuwa amembeba mtoto mgongoni, kitambaa chake cha kichwa ni kile cha nyumbani. Niligeuza simu nikailekeza uani.

"Mbona unanionyesha ukuta?"

"Ngoja. Angalia."

Nikavuta. Makomeo yakalia. Yule wa Ngoliba akatoka huku, mweupe akatoka kule, wakanusana kwenye tangi, wakaenda langoni. Mtoto mdogo wa jirani akapita nje, wakambwekea pamoja.

Nikageuza simu nimuone mke wangu. Alikuwa ameisogeza karibu sana na uso.

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne sasa."

"Na sikio?"

"Hakuna sikio. Nilikudanganya."

"Kwa nini, Baba?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyaandika hata, nyuma ya lile daftari la mbwa. Sikuyasema. Nilisema, "Nataka urudi. Mbwa hawana shida. Ni mimi. Nala nikiwa nimesimama jikoni. Sitaki hizo karatasi. Rudi nyumbani."

Alinitazama. Mtoto alianza kulia, akamtikisa kidogo kwa mgongo, hakuondoa macho.

"Nilitia sahihi juzi," alisema. "Ijumaa."

"Karatasi?"

"Zimeenda. Wakili amesema nikitoka kabla zijibiwe, zinakufa, na pengine nisiruhusiwe tena hata kuja kuona huyu mtoto."

"Zinajibiwa lini?"

"Mwaka. Inaweza pita."

Nilisema sawa. Ndilo neno ninalolijua.

"Usiniambie sawa!" Alikuwa analia sasa, na mimi nimemwona akilia mara chache sana. "Miezi kumi na mmoja, kila Jumapili ni damu na plasta. Nikajiuliza, mimi na haya magoti, ninarudi kufanya nini? Kutenganisha mbwa? Nilikuwa naota hiyo vita. Na hukusema kitu ingine. Hata siku moja. Nilijua wewe uko sawa, ni nyumba tu imeharibika." Akajifuta kwa mkono. "Ungesema hivyo Alhamisi."

Nilikuwa na kitu cha kumjibu, kuhusu baba yangu na yule ng'ombe, lakini ni yeye aliyekuwa akinielezea watu, hakuhitaji kuelezwa. Tulikaa tukitazamana mpaka chaji yake ikaisha.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Karatasi bado hazijajibiwa. Kila jioni, dakika tano kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mke wangu hupiga simu, nami huiegemeza kwenye dirisha la jikoni ikitazama uani. Hatuongei sana hapo. Nashika mkono wa breki, nangoja. "Haya!" anasema, na sauti yake inafika imechelewa kidogo, nimejifunza kuingoja. Navuta. Jirani ameniambia amerudia kuweka maji ya ugali kwa saa yake.

Yule wa Ngoliba huenda langoni. Mweupe humnusa mwenzake kwenye tangi, kisha anarudi mbio mpaka chini ya dirisha, anaketi, anaitazama simu. Mke wangu humwongelesha kidogo kwa Kikuyu. Kisha anasema ni lazima ampe mtoto uji, na mimi na mbwa tunabaki hapo tukitazama kioo cha simu mpaka kizime.